Maji ya Meru na Sufuria Inayochemka: Dhana Nilizochoka Kuzisikia kwenye Semina za Walimu

Ninaendesha mafunzo ya walimu wa sayansi Arusha na Kilimanjaro, na tukifika kwenye maji salama, jibu la ukumbi mzima ni moja: chemsha. Nikiuliza kuchemsha kunaondoa nini, kimya. Kisha mmoja anajitosa: "Kila kitu, mwezeshaji."

Si kila kitu. Kuchemsha kunaua vimelea. Kwa kipindupindu, homa ya matumbo na amiba sina ugomvi: maji yakitokota dakika moja yanatosha, au dakika tatu kwa anayeishi juu ya mita 2,000, maana huko yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Lakini floraidi, iliyo nyingi kwenye maji mengi ya kuuzunguka Mlima Meru, si mdudu. Ni madini yaliyotoka kwenye miamba ya volkano na kuyeyuka majini, na moto hauyapunguzi hata chembe. Kinachopaa ni maji, floraidi inabaki sufuriani.

Piga hesabu ubaoni, mwalimu. Lita 4 zenye miligramu 3 kwa kila lita zina miligramu 12. Chemsha hadi zibaki lita 3: miligramu ni zile zile 12, ila sasa ni 4 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri zisizidi 1.5. Mama anayeacha maji yatokote nusu saa nzima kwa kumhurumia mtoto anamkolezea floraidi, na aliyemfundisha hivyo ni sisi.

Kinachonikera zaidi ni kusikia mwanafunzi wa darasa la sita akigombezwa mstarini kwa meno ya kahawia, eti hapigi mswaki. Meno hayo yaliharibiwa na floraidi kabla hayajaota, enameli (tabaka gumu la nje la jino) ilipokuwa inajengwa, tangu uchanga hadi kama miaka 8. Mswaki hautoi rangi hiyo. Mtoto ameshajifunza kucheka amefunika mdomo kwa kiganja, nawe unamwongezea aibu. Wanaokunywa maji yenye floraidi nyingi kwa miaka, hata mifupa yao hukakamaa na kupinda.

Kila mwalimu ninayemfundisha lazima afanye jaribio la chumvi, hata akinung'unika. Sufuria safi ya kupikia, lita moja ya maji salama, kijiko cha chumvi. Wanafunzi waonje. Chemsha hadi yabaki nusu, yapoe, waonje tena: yamekolea. Kisha waonje matone yaliyoganda chini ya mfuniko: hayana chumvi. Hapo ndipo uwaambie kwamba floraidi inafanya vivyo hivyo, ila ulimi hauioni.

Basi nini kinasaidia? Kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa kuinyima hewa, kama unaotengenezwa na kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, nao hubadilishwa ukichoka. Mkaa wa kupikia hausaidii, vidonge vya klorini havisaidii, kuchuja kwa kitambaa hakusaidii. Maji ya mvua yana floraidi kidogo sana, na mimi nikipewa hela ya tangi moja la shule, kwanza ningenunua mabati na mifereji ya kuvunia. Mwaga maji ya mwanzo yanayoosha paa, na hayo ya mvua ndiyo uyachemshe, maana ndege hawana adabu.

"Maji yetu ni maangavu, yanatoka mlimani." Floraidi haina rangi wala harufu, na visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana sana. Peleka sampuli ipimwe.

Wapo wanaokimbilia upande wa pili: kama ni hivyo, dawa ya meno itupwe. Hapana. Floraidi kidogo hulinda meno, kinachodhuru ni kiasi kinachomezwa. Mtoto wa chini ya miaka mitatu apakiwe kiasi cha punje ya mchele, basi.

"Hatuna maabara." Sufuria mnayo.

"Afya ya mazingira ni kufagia na kuokota taka." Halafu taka hizo, plastiki zikiwemo, mnazichoma nyuma ya madarasa na moshi unaingia dirishani. Usafi ni sehemu ndogo tu. Somo lenyewe ni kujua kuna nini, kimetoka wapi, kinaingiaje mwilini na kwa kiasi gani.

"Moshi wa kuni tumeuzoea." Mapafu hayazoei. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani kwa mwaka 2020 yalikuwa vifo milioni 3.2 vilivyotokana na moshi wa majumbani. Angalieni jiko la shule na mama anayepika humo kabla ya kuniambia mmezoea.

"Hilo ni la mwalimu wa sayansi." Ile hesabu ya lita 4 ni hisabati, volkano ni jiografia.

La mwisho ndilo huwa linanuniwa: "Chakula hakihusiki." Magadi tunayolainishia maharage na makande huwa na floraidi, na tunapoyatia hatupimi, tunakadiria kwa jicho. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yake, asubuhi bandika. Yataiva bila magadi, na ladha mtaizoea baada ya wiki chache.