Imeandikwa inaoza, sawa, lakini inaoza wapi?

Niliwahi kufukua kijiko cha aiskrimu kwenye lundo langu la mboji kikiwa kimekaa humo mwaka na miezi kadhaa. Kile cheupe, kizito kidogo, kwenye mpini kimechapwa maandishi ya kusema kinaoza, na hayo maandishi bado yanasomeka herufi kwa herufi. Maganda ya viazi niliyoyatupa nacho siku moja yalishakuwa udongo zamani, kijiko kimetulia tu kama kimewekwa jana. Nikakiosha nikakiweka dirishani na tangu hapo kila nikisikia mtu anasifia vifungashio vya aiskrimu "rafiki wa mazingira" namuuliza swali moja tu, vinaoza wapi?

Maana dhana kubwa kuliko zote ni hii: kikishaandikwa kinaoza basi popote utakapokitupa kitaoza. Si kweli hata kidogo. Kijiko changu hakikudanganya moja kwa moja, kilisema nusu. Ni cha PLA, plastiki inayotengenezwa kwa wanga wa mahindi au sukari ya miwa, na hiyo ya vijiko inafanyiwa kazi ya ziada ivumilie joto ndo maana inakuwa nyeupe isiyoangaza kama ile ya vifuniko. PLA ni ngumu mpaka ifike joto la kama nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi hivi, hapo ndo inalegea, maji yanapenya yanaikatakata vipande vidogo vidogo kabisa na vijidudu vinapata cha kula. Chini ya hapo vijidudu viko nje ya mlango wanagonga tu. Kwenye mitambo mikubwa ya mboji joto linashikiliwa karibu nyuzi 58 kwa wiki nyingi, na kipimo cha Ulaya kinachoitwa EN 13432 ndo kinapima kwa joto hilo: ndani ya wiki 12 kitu kiwe kimesambaratika, ndani ya miezi 6 asilimia 90 iwe imeliwa na vijidudu. Lundo la nyuma ya nyumba likipashwa vizuri linaweza kufika huko siku chache likishakuwa kubwa, tuseme mita moja kila upande, afu linapoa linarudi kwenye joto la kawaida. Sasa wengi wetu lundo letu ni ndoo.

Plastiki za kuozea kwenye lundo la nyumbani zina vipimo vyake. Australia wana AS 5810 tangu 2010, Ufaransa wana NF T 51-800 ya 2015, na kuna alama ya OK compost HOME inayotolewa na TÜV Austria, shirika la kupima na kutoa vyeti. Hizi zinapima kwenye joto la nyuzi 20 hadi 30, na kitu kinapewa miezi 6 kusambaratika na miezi 12 kuliwa asilimia 90. Kwahiyo ukiona alama ya kamche kadogo inayotumika sana Ulaya usiruke ruke, ile peke yake ni ya kiwandani. Tafuta neno la nyumbani. Na kingine ambacho watu hawakijui, cheti kinatolewa mpaka unene fulani, yaani malighafi ile ile ikiwa mfuko mwembamba inaweza kupita na ikiwa kijiko kinene ikafeli.

Hata yenye cheti cha nyumbani usiiamini kama mwanao. Watafiti wa chuo cha UCL cha London walitoa matokeo mwaka 2022, waliwaomba wananchi wa Uingereza waweke hizo plastiki kwenye mboji zao wenyewe halafu waangalie, na asilimia 60 ya zile zilizothibitishwa kuoza nyumbani hazikuisha zote. Maabara inashika joto na unyevu kila siku, wewe unakumbuka kugeuza lundo ukikumbuka.

Mwingine ananijibu, "Mi nanunua ya kikopo cha karatasi, karatasi si inaoza."

Fanya hivi, utanishukuru. Chukua kikopo cha karatasi ulichomaliza, kiloweke kwenye maji usiku mzima, asubuhi anza kukisugua kwa vidole. Karatasi inatoka vinyweleo vinyweleo kama uji, inatoka, inatoka, afu mkononi unabaki na kitu kama ngozi ya nyoka, laini, inapitisha mwanga, ina umbo lile lile la kikopo mpaka ukingo wa chini. Hiyo ndo plastiki ya ndani. Kwa kawaida ni polithini, ile ile ya mifuko, na hiyo ukiizika kwenye mboji karatasi itaoza vizuri tu ngozi ibaki ikikatika vipande vidogo ambavyo utavimwaga bustanini mwenyewe kwa mikono yako. Wengine wanaweka PLA badala yake, tukarudi kule kule kwenye nyuzi 58. Zipo zenye tabaka linalooza nyumbani, mfano PHA, plastiki ambayo inatengenezwa na bakteria wenyewe ndani ya mwili wao kama akiba ya mafuta, kwahiyo bakteria wengine wanaijua kuila hata kwenye baridi ya kawaida. Ila kwa macho huwezi kuzitofautisha na polithini, jaribio la kuloweka linakwambia kuna ngozi, halikwambii ngozi ya nini.

Na hapa ndo naona aiskrimu ina mtihani wake wa peke yake. Sahani ya chakula kikavu haina kazi ngumu. Kopo la aiskrimu linatakiwa likae friza miezi, nyuzi 18 chini ya sifuri, ndani kuna mafuta na sukari na maji, likitoka nje linatoa jasho, mtu analishika mkononi dakika ishirini na lisilegee. Yaani lizuie maji kabisa kabisa. Halafu siku ya pili likitupwa lundoni tunataka liruhusu maji yaingie haraka. Tunaomba kitu kimoja kifanye mambo mawili yanayopingana, na mtu akikuuzia kikopo kigumu kisichovuja wala kulegea huku anasema kinaoza kwenye ndoo yako kwa wiki chache, muombe cheti kwanza.

Wanaofanya biashara wana wasiwasi wa upande mwingine, eti vikopo hivi vitaanza kuoza humo humo frizani. Haviozi. Vijidudu vya mboji vinahitaji joto, maji ya kimiminika na hewa, frizani maji yameganda, hamna kazi inayofanyika humo. Shida ya kweli ya friza ni tofauti: PLA inavunjika kirahisi kwa asili, kwenye baridi kifuniko chake kikidondoka kinapasuka kama kioo, na vikopo vya nyuzi za mimea visivyo na tabaka vinavuta unyevu kila friza ikifunguliwa na kufungwa. Pakiti ambazo hazijatumika ziweke pakavu penye kivuli, sio karibu na jiko, maana joto na unyevu ndo vinavyozianzishia safari mapema.

Sasa hii nyingine naipitia haraka. Kitu kutokana na mmea hakimaanishi kitaoza. Brazil kuna polithini inatengenezwa kiwandani kwa miwa tangu 2010, miwa halali, na inakaa duniani sawasawa na ile ya mafuta ya petroli. Asili ni kitu kimoja, mwisho ni kitu kingine. Na neno "biodegradable", yaani kinachooza, likikaa peke yake bila kusema wapi na muda gani halina maana, hata mlango wa mbao unaoza ukisubiri.

Vile vikopo vya makapi ya miwa, vya rangi ya udongo au vyeupe vyenye mikwaruzo mikwaruzo, hivyo mi navipenda na mara nyingi vinaoza kweli ukivichanachana. Ila dhana kwamba ni mmea mtupu ndo ina walakini. Kwa miaka mingi ili visinyonye mafuta vilikuwa vinawekewa kemikali za kundi la PFAS, zile ambazo haziharibiki kirahisi, kwahiyo kikopo kinaoza chenyewe kinapotea halafu kemikali inabaki udongoni. Marekani mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ilitangaza Februari 2024 kwamba hizo za kuzuia mafuta kwenye vifungashio vya chakula haziuzwi tena nchini kwao, na Umoja wa Ulaya umeweka kikomo kinachoanza Agosti 2026. Kama unanunua kwa jumla uliza swali hilo kwa maandishi, "je ina PFAS", muuzaji anayejua bidhaa yake atajibu siku hiyo hiyo.

Kuna wanaosema basi hata nikitupa kwenye taka za kawaida si itaozea huko dampo. Huko chini hamna hewa. Karatasi na mbao zikioza bila hewa zinatoa methani, gesi inayopasha dunia karibu mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100, na PLA yenyewe inakaa tu. Na usiitupe na chupa za plastiki zinazokwenda kurejelezwa pia, PLA na plastiki ya chupa za maji zinafanana kama mapacha na zote zinazama majini, moja ikiingia kwenye mafungu ya mwenzake inaharibu.

Vijiko vya mbao? Hivyo vya bapa visivyopakwa kitu vinaoza, hamna ubishi, ila kizima kinachukua muda, kivunje mara nne tano kabla hujakitupa. Malalamiko ya ladha ya mbao ni kweli bwana, siwezi kuwadanganya, lakini hayahusiani na mboji.

Halafu maziwa. Watu wanaogopa kikopo chenye mabaki kitaharibu lundo. Lamba, pangusa, au suuza kidogo, utando uliobaki hauna madhara, kinachovuta panya ni nusu kikopo kilichoyeyuka umekimwaga juu juu. Zika katikati ya lundo. Pia usitegemee vikopo vikupe mbolea ya maana, plastiki hizi zikiliwa zinageuka hewa na maji zaidi, nitrojeni hamna, na karatasi nayo ni kaboni tupu. Changanya na majani mabichi na mabaki ya mboga la sivyo lundo litalala.

Na koni! Koni unaila, kifungashio bora kuliko vyote. Ila kile kikaratasi kinachoizunguka mara nyingi kimeunganishwa na foili ya alumini, ukikichana utaona inang'aa kwa ndani. Hicho usikiweke lundoni, nilikiweka mara moja nikawa naokota vipande vinavyometameta kwenye mche wa nyanya msimu mzima.