Je, wajua jinsi mkuu wa ujenzi wa Frankfurt alivyojenga nyumba 12,000 kwa miaka mitano?

Wengi wamepita mbele ya Makumbusho ya Uganda jijini Kampala, au jengo la chama cha ushirika cha KNCU mjini Moshi, bila kujua kwamba msanifu wake ni Mjerumani aliyekuwa amekwisha kujenga mitaa mizima katika mji aliozaliwa. Jina lake ni Ernst May. Alizaliwa Frankfurt mwaka 1886, na kati ya 1925 na 1930 aliongoza idara ya ujenzi ya mji huo. Katika kipindi hicho zilijengwa nyumba za makazi takriban 12,000, nyingi zikiwa na bafu, bustani na jiko lililopangwa kwa uangalifu, wakati ambapo Ujerumani ilikuwa imetoka vitani ikiwa maskini. Iliwezekanaje?

Jibu haliko kwenye ustadi wake wa kuchora peke yake, ingawa ustadi huo alikuwa nao. Wakati huohuo Ujerumani ilikuwa na wasanifu wengine hodari ambao michoro yao ilibaki makaratasini. May alipata kitu ambacho msanifu hukipata kwa nadra: ardhi, fedha, kiwanda na kanuni za ujenzi vyote vilipita kwenye meza moja, nayo ilikuwa meza yake.

Aliyempa meza hiyo ni meya Ludwig Landmann, aliyeshika wadhifa wake mwaka 1924 akiwa na imani kwamba makazi ya wananchi ni kazi ya manispaa. Alimwita May kutoka Breslau (leo Wrocław, Poland), alikokuwa akijenga nyumba nafuu za vijijini baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na akamkabidhi upangaji miji pamoja na ujenzi wenyewe. May aliongoza pia shirika la nyumba ndogo ambalo jiji lilikuwa na usemi mkubwa ndani yake. Kwa hiyo aliyeamua mtaa ukae wapi ndiye aliyesimamia pia ujenzi wake, na barua zilizokuwa zikizunguka miezi kadhaa kati ya ofisi na ofisi hazikuwa na haja tena.

Fedha zilitoka mahali pasipotarajiwa. Mfumuko wa bei wa mwaka 1923 ulikuwa umezila akiba za watu wa kawaida, lakini wenye nyumba za zamani walinufaika, kwa sababu madeni yao ya rehani yaligeuka kuwa karibu bure huku nyumba zao zikisimama vilevile. Serikali iliona kwamba faida hiyo hawakuitolea jasho. Mwaka 1924 ikaweka kodi juu ya pango la nyumba zilizojengwa kabla ya vita, na sehemu ya mapato yake ikakopeshwa kwa riba ndogo kwa wajenzi wa nyumba mpya. Naiona kuwa mojawapo ya kodi za haki zaidi zilizowahi kutungwa mijini, na bila hiyo Frankfurt tunayoizungumzia isingekuwapo.

Ardhi ilipatikana pembezoni, hasa katika bonde la mto Nidda upande wa kaskazini-magharibi. May alikuwa amefanya kazi Uingereza kabla ya vita katika ofisi ya Raymond Unwin, mtaalamu wa miji ya bustani, na huko alijifunza kwamba mji haulazimiki kutanuka ovyo kama mafuta yaliyomwagika. Unaweza kuanzisha vitongoji vilivyotengwa na ukanda wa kijani, huku vikiunganishwa na usafiri. Mfano bora ni Römerstadt, kitongoji cha nyumba 1,200 na kitu kilichojengwa mwaka 1927 na 1928. Kila mtaa unafuata mkunjo wa bonde, na upande wa mto umewekewa ukuta wenye vibaraza vya kutazamia bustani za mboga zilizo chini. Nyumba zake zote ziliunganishwa umeme tangu mwanzo, jambo ambalo lilikuwa geni hata Ujerumani.

Mahali panapoonyesha vizuri zaidi fikra ya mradi mzima ni jikoni. Mwaka 1926 msanifu Margarete Schütte-Lihotzky, mwanamke kutoka Vienna aliyekuwa kwenye kikosi cha May, alibuni jiko lenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 tu. Alianza kwa kuhesabu hatua anazopiga mpishi kutoka kwenye sinki hadi mekoni na kutoka mekoni hadi mezani, kisha akazipunguza. Taa ya darini iliteleza kwenye reli ili ifuate kazi. Ubao wa kupigia pasi ulikunjwa ukutani. Kulikuwa na droo ndogo za alumini zenye mdomo wa kumiminia, kila moja ikiandikwa jina la kitu kilichomo, mchele au sukari, ila droo ya unga ilitengenezwa kwa mbao za mwaloni kwa sababu tanini, kemikali chungu ya mti huo, huwafukuza wadudu. Makabati yalipakwa rangi ya buluu iliyokolea kijani kwa kuwa iliaminika kwamba nzi hawaipendi. Majiko ya aina hiyo takriban 10,000 yalifungwa Frankfurt, na makabati ya kushikamana ukutani tunayoyaona leo katika nyumba za kisasa duniani kote yametokana nayo kwa kiasi kikubwa.

Kutengeneza kitu kimoja mara elfu kumi ndiko kulikoshusha bei. Milango, madirisha, hata vitasa viliwekewa vipimo vya pamoja, na jarida la idara, lililoanza 1926, lilionyesha bidhaa zilizopendekezwa. Katika baadhi ya mitaa, hasa Praunheim na Westhausen, kuta hazikujengwa tofali kwa tofali, bali kwa mabamba makubwa ya zege jepesi la mawe ya volkano, yenye urefu wa hadi mita 3, yaliyomiminwa kiwandani na kupandishwa kwa kreni.

Hata hivyo lengo lenyewe halikufikiwa kikamilifu. Gharama za ujenzi na riba zilipanda, na pango la Römerstadt likawa zito kwa vibarua; waliohamia huko walikuwa zaidi makarani, walimu na mafundi wenye mshahara wa uhakika. May alilijua hilo. Mwaka 1929 wasanifu wa kimataifa walikutana Frankfurt kujadili swali lilelile: nyumba ndogo inayomfaa mtu wa kipato cha chini kabisa iweje? Westhausen, yenye nyumba finyu zaidi, ilikuwa sehemu ya jibu lake. Kisha mdororo wa uchumi ukakausha mikopo, na meza ikawa tupu.

Mwaka 1930 May aliondoka na kundi la wenzake kwenda Umoja wa Kisovieti kupanga miji ya viwanda kama Magnitogorsk. Kazi hiyo ilipofika mwisho mwaka 1933, Wanazi walikuwa wameshika madaraka, na mtu mwenye msimamo wake na nasaba ya Kiyahudi hakuwa na pa kurudi. Alikuja Tanganyika, akalima kahawa katika eneo la Arusha, na baadaye akafungua ofisi Nairobi. Wakati wa Vita vya Pili Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani.

Miaka yake ya Afrika Mashariki inathibitisha hoja niliyoanza nayo. Alibuni nyumba ya mabamba ya zege yenye umbo la tao kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika, lakini haikuingia katika uzalishaji mkubwa. Kati ya 1945 na 1947 aliandaa mpango wa kupanua Kampala katika vilima vya Kololo na Naguru, akifuata mikunjo ya ardhi kama alivyofanya Nidda. Lakini mpango huo ulikubali utengano wa kikoloni wa makazi ya Wazungu, Waasia na Waafrika, na hilo ni doa ambalo uzuri wa mchoro hauliondoi. Huku alikuwa mshauri wa kuajiriwa: hakuwa na ardhi, mfuko wala kiwanda. Ndiyo maana alichokiacha Mombasa, Kisumu, Moshi na Nairobi ni hasa majengo mojamoja.

Alirejea Ujerumani katika miaka ya 1950 na kuongoza upangaji miji katika shirika la nyumba la vyama vya wafanyakazi, Neue Heimat, lenye makao yake Hamburg, ambako alifariki mwaka 1970. Shirika hilo lilikuwa na viwanja, mikopo na wajenzi chini ya paa moja, na kati ya 1957 na 1962, akiwa miongoni mwa wataalamu waliochora mpango wake, lilisimamisha mjini Bremen kitongoji cha Neue Vahr chenye makazi takriban 10,000.