Taji liko wapi? Kusoma picha rasmi ya mfalme

Ukienda makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, kule Kisesa karibu na Mwanza, ukasimama mbele ya ngoma za watemi, yaani watawala wa jadi, huanzi kuuliza mtemi alikuwa na sura gani. Unauliza ngoma hii ni ya utemi upi, ilipigwa lini, nani aliruhusiwa kuigusa. Picha rasmi ya mfalme nayo naisoma hivyohivyo: vitu kwanza, uso baadaye.

Tuchukue ya Louis XIV wa Ufaransa, aliyoichora Hyacinthe Rigaud kwa rangi za mafuta mwaka 1701. Iko kwenye makumbusho ya Louvre, Paris. Kabla hujaifungua kwenye simu, chukua futi ya fundi upime ukutani: kimo sm 277, upana sm 194. Mlango wa kawaida una kama sm 210 tu. Kwenye simu mfalme anabaki saizi ya kidole, wakati picha ilichorwa ili uinue shingo.

Sasa tafuta taji. Haliko kichwani, limewekwa pembeni juu ya mto. Fimbo ya kifalme ameigeuza kichwa chini, kaiegemea kama bakora. Upanga ubavuni ni Joyeuse, unaohusishwa na Charlemagne, mfalme wa kale wa Wafranki, uliotumika kuwatawaza wafalme wa Ufaransa. Angekuwa mfalme mchanga angevishwa vyote hivyo. Huyu anavishika kwa ulegevu wa mtu aliyevizoea, na kwangu hiyo ndiyo hoja ya picha nzima.

Wengi huteleza kwenye joho. Madoa meusi kwenye bitana nyeupe si ya chui. Ni ncha za mikia ya mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, ambaye manyoya yake huwa meupe majira ya baridi, ikabaki nyeusi ncha ya mkia peke yake. Doa moja, mnyama mmoja. Hesabu madoa kwenye mkunjo mmoja, halafu tazama bitana ilivyomwagika hadi sakafuni.

Uso ni wa mtu aliyepita miaka 60. Miguu, yenye soksi nyeupe na visigino vyekundu, ni ya mcheza dansi kijana. (Ujanani alicheza kweli, jukwaani.) Uso ulichorwa peke yake kwenye kitambaa kidogo, kisha ukaunganishwa na turubai kubwa.

Bluu ya joho ikikujia ya kijani, usimlaumu Rigaud haraka: vanishi hugeuka njano ikizeeka, na kamera nazo hudanganya. Linganisha picha mbili tatu.

Halafu jaribu ya Malkia Victoria, ambaye mpelelezi Mwingereza Speke alilipatia ziwa letu jina lake mwaka 1858. Mchoraji Winterhalter alimchora mwaka uliofuata. Anza na swali lilelile la taji.