Mjini Dar kuna watu gani? Inategemea umeenda saa ngapi

Mimi kazi yangu ni mipango miji, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nawapeleka wanafunzi mjini, mjini kabisa yaani, Posta, Samora, Mtaa wa India, Jamhuri, Zanaki, Kisutu, afu tunavuka Barabara ya Bibi Titi, tunakatiza Mnazi Mmoja, tunaingia Kariakoo. Kabla hatujatoka darasani kila mtu anapewa karatasi tupu na namwambia achore Dar es Salaam aliyonayo kichwani, halafu aandike kila sehemu anadhani kuna watu gani. Hakuna kuangalia simu.

Karatasi zikirudi zinafanana mpaka inashangaza. Kisutu na Upanga wanaandika Wahindi. Masaki na Oysterbay wanaandika Wazungu. Kariakoo siku hizi wanaandika Wachina, na hili la Wachina nitalirudia. Kwingine kote, Ilala, Temeke, Magomeni, Mbagala, wengi hawaandiki Waafrika wala Waswahili, wanaandika "sisi". Mwaka mmoja nilikuwa na mwanafunzi wa kike aliyezaliwa Kisutu, na bibi yake naye kazaliwa hapohapo Kisutu. Pale wenzake walipoandika Wahindi yeye aliandika "nyumbani". Ile karatasi ninayo mpaka leo.

Sasa hao vijana wengi wao wamezaliwa baada ya mwaka 2000, hawajaishi chini ya mkoloni, wazazi wao wenyewe wengi hawajaishi chini ya mkoloni, lakini ramani iliyopo vichwani mwao imechorwa na mkoloni. Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa na mpango wa kuugawa mji kanda tatu, vita ikaingia. Waingereza walipochukua nchi wakaendelea nao miaka ya 1920, ila wao Tanganyika walipewa na Shirikisho la Mataifa kama dhamana, kwa hiyo kuandika waziwazi kwamba Mwafrika asikae hapa ingewaletea shida. Walichofanya wakaandika aina ya jengo. Kanda ya kwanza nyumba za kizungu, kanda ya pili maduka na makazi pamoja, kanda ya tatu nyumba za asili, za miti na udongo na makuti. Sheria haikutaja rangi ya mtu hata mara moja, na kila mtu alijua anatakiwa kukaa wapi. Wananchi wenyewe wakazipa majina yao, Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na hayo majina yameishi kuliko sheria.

Mnazi Mmoja nayo ukiipita leo unaona viwanja, miti, watu wamepumzika, Mwenge wa Uhuru, unafurahi kwamba mji umebakiza sehemu ya kupumulia. Ule uwazi haukuachwa kwa bahati. Uliachwa ili Uhindini na Kariakoo, ambayo ilikuwa Uswahilini, visigusane, kwa kisingizio cha afya na moto. Huwa nawasimamisha wanafunzi pale katikati kabisa nawaambia geuka kushoto, geuka kulia, huu ni ukuta, ni vile tu hauna matofali.

Tukishamaliza hilo ndo tunaanza kuhesabu, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Nawagawa makundi. Kundi moja linakaa kona ya Kisutu saa mbili asubuhi, lingine kona ileile saa saba mchana, lingine linarudi saa moja na nusu usiku, na lingine linaenda Jumapili. Kazi yao ni kuandika wanaona watu gani. Wakirudi wanabishana kweli, maana kila kundi limeona mji wake. Wa asubuhi wameona wafanyakazi wanashuka kwenye mabasi, wabeba mizigo, mama ntilie wanapanga sufuria, wanasema hapa Wahindi wako wapi mbona hatujawaona. Wa mchana wameona mchanganyiko mkubwa, wateja na wenye maduka na madalali na watu wa benki. Wa usiku wanakuja na habari nyingine kabisa, wamekuta familia zinatoka ibadani kwenye Jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia, pale Mtaa wa Mosque, wazee wamekaa vibarazani, watoto wanacheza mpira wa kriketi barabarani kwenye vichochoro, mishikaki na kachori kila kona, taa za fleti zimewaka juu kote. Wa Jumapili wanasema mji umekufa.

Wote wako sahihi. Kona ni moja.

Watu wakizungumzia mji wenye watu wa asili mbalimbali wanaongea kama vile ni kitu kilichokaa mahali, kama jengo, na mimi nilifundishwa hivyohivyo chuoni, unapaka ramani rangi basi umemaliza. Katikati ya mji wa Dar haipakiki rangi. Yale majengo ya zamani ya Kisutu, yale yenye jina la mwenye nyumba na mwaka limeandikwa juu kwenye kichwa cha jengo, yalijengwa duka chini, makazi juu. Kwa hiyo chini kuna watu na juu kuna watu, na anayepita barabarani macho yake yanaishia kwenye ghorofa ya chini, hainui kichwa. Anayekaa juu naye anauona mji kupitia nondo za roshani. Wanapishana kwenye ngazi tu.

Na kuna la 1971, ambalo bila kulijua hutaelewa kwa nini huko juu watu ni wakimya. Mwaka ule ikapita sheria ya kutaifisha majengo, jengo lolote la kupangisha lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 likachukuliwa na serikali, na mengi mno yalikuwa ya Watanzania wenye asili ya Kiasia. Akaja Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali ya kusimamia majengo yale, baadaye mwaka 1990 kazi yake ikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Familia nyingi zikahama, Canada, Uingereza, na zilizobaki nyingine zikawa wapangaji ndani ya nyumba walizojenga babu zao. Naelewa kabisa kwa nini serikali ya wakati ule iliona haki kufanya vile, nchi ilikuwa imerithi mji ambao Mwafrika hana hata chumba katikati yake, na hilo halikuwa jambo la kufumbia macho. Ila pia nimekaa na mzee mmoja pale Kisutu akanionyesha jina la baba yake juu ya jengo, na kodi analipa. Vyote viwili nimevibeba, siwezi kutupa kimoja.

Halafu sasa jicho lenyewe. Tunasema "Wahindi" kama kabila moja. Ukikaa Kisutu na Upanga wiki moja tu utakutana na Waismailia, Waithnaasheri, Mabohora, wote Waislamu wa Kishia ila kila mmoja na dhehebu lake, Wahindu ambao nao wana jamii zao, Magoa, yaani Wakatoliki wenye asili ya Goa, ambao wanasali kanisa la St. Joseph pamoja na Wachaga na Wahaya, Singasinga, na ukiwaambia hawa ni kitu kimoja watakuuliza unaongelea nini. Wakati huohuo Mbaluchi wa Baluchistan, Mshihiri wa Yemen na Mngazija wa Komoro, ambao wazee wao nao walivuka bahari, jicho letu linawapitisha, wengine tunawaita Waswahili, wengine Waarabu, basi. Yaani asili ipi inaonekana na asili ipi haionekani, hilo halitokani na ngozi peke yake, linatokana na sisi tumezoeshwa kutafuta nini. Tulizoeshwa kanda tatu, tunaona vitu vitatu.

Wachina wa Kariakoo ni mfano mzuri. Wanafunzi wangu wanasema Kariakoo imejaa Wachina. Tunaenda, tunakaa mtaani, wanahesabu wenyewe kwa mikono yao, na wanachokuta ni kwamba waliojaa Kariakoo ni Watanzania kutoka kila mkoa, na wanunuzi kutoka Kongo, Zambia, Malawi, Komoro, na Mchina mmoja mmoja kwenye baadhi ya maduka. Ila yule mmoja anakumbukwa na wale mia wanasahaulika. Sisemi manung'uniko ya wafanyabiashara wetu ni ya kubuni, hapana, ushindani wa mtaji upo na unauma, ndo maana Julai 2025 ikatoka amri ya kuwakataza wasio raia aina 15 za biashara, nyingi zake ndogondogo. Nasema kwamba ukiuliza watu "wako wangapi" wanakujibu "wananiuma kiasi gani", na mtu wa mipango akichanganya hayo mawili atapanga vibaya.

Mtaniuliza takwimu rasmi zinasemaje. Hazisemi. Sensa ya mwisho huku bara kuuliza watu kabila na asili yao ilikuwa ya 1967, baada ya hapo swali likaondolewa tujenge taifa moja, na mimi kama raia naliunga mkono. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa wa Dar es Salaam na haijui nani ni nani, na ni vizuri isijue. Lakini matokeo yake ni kwamba tunachobaki nacho kuhusu katikati ya mji ni macho ya watu, na macho yanabadilika haraka kuliko watu. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016 mtu wa Kimara akawa anashuka Kisutu bila kubadilisha gari. Wizara zikahamia Dodoma, suti za mchana pale Posta zikapungua. Mwishoni mwa 2021 machinga wakaondolewa barabarani, na wiki ile ile nikaanza kusikia watu wanasema mjini "kumerudi kwa Wahindi". Hakuna Mhindi hata mmoja aliyehamia pale wiki ile. Kilichotoka ni meza, na nyuma ya meza yakaonekana maduka yaliyokuwepo siku zote.

Muhula huu nimebadilisha zoezi. Kundi la Jumapili siwapeleki tena Kisutu, nawapeleka Coco Beach jioni. Iko ndani ya iliyokuwa Uzunguni, na saa kumi na mbili ile wale wote waliowakosa mjini wako pale, familia za Kisutu zimekaa juu ya boneti za gari zinakula mihogo ya kukaanga na pilipili, vijana wa Mbagala wanaogelea, Mchina mmoja na mwanawe wanarusha tiara. Jumapili iliyopita mwanafunzi mmoja karudi na karatasi haijaandikwa kitu. Nikamuuliza mbona tupu, akasema mwalimu kila nikianza kuandika "sisi" nilikuwa sijui nimalizie wapi mstari. Nimempa alama zote.