Kuchimba bitcoin kwa makaa ya mawe, shida iko wapi hasa?

Pesa ya mtandaoni yenyewe haitoi moshi, moshi unatoka kwenye umeme wake. Bitcoin haina benki ya kuhakiki miamala, kazi hiyo wanaifanya wachimbaji, yani watu wenye mashine maalum zinazobahatisha namba matrilioni kwa sekunde mpaka mmoja apatie, na kila kama dakika 10 anapatikana mshindi mmoja anachukua bitcoin 3.125 (ndo kiwango tangu Aprili 2024), wengine wote umeme wao umeliwa bure.

Sasa hapa ndo wengi wanachanganya. Wanadhani mashine mpya zinazokula umeme kidogo zitapunguza matumizi. Wapi! Kila wiki 2 hivi mtandao unajipima, ukiona nguvu ya mashine imeongezeka unapandisha ugumu, kwahiyo bitcoin hazitoki haraka zaidi hata zikiletwa mashine mara kumi, na mwenye mashine hizo za umeme kidogo haachi nafasi, anaongeza zingine asije akapitwa.

Mchimbaji basi anatafuta umeme wa bei chee usiokatika usiku na mchana, na hajali sana unatoka wapi. Cheki Hardin kule Montana, Marekani, mtambo wa makaa ya mawe ulikuwa hoi kabisa, mwaka 2020 uliwaka siku 46 tu. Kampuni ya Marathon ikaleta mashine zake pale pale, na miezi 9 ya kwanza ya 2021 ukawaka siku 236. Yani mtambo uliokuwa unakata roho ukafufuliwa kuchoma makaa kwa ajili ya kubahatisha namba. Mwaka 2022 Marathon wakatangaza kuhama.

China nayo ilipowafukuza wachimbaji 2021, wengi wakakimbilia Kazakhstan ambako umeme mwingi ni wa makaa ya mawe, gridi ikaelemewa, na mapema 2022 wakakatiwa umeme.

Wapo wanaochimba kwa umeme wa maji, mfano hifadhi ya Virunga hapo Kongo, sawa, sio kila mchimbaji anachoma makaa. Ila Ethereum, pesa nyingine ya mtandaoni, walibadili mfumo wa kuhakiki Septemba 2022, mambo ya kubahatisha namba wakayaacha, matumizi yao ya umeme yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99 na miamala inaendelea kama kawaida. Kwahiyo njia ipo, ni watu wa bitcoin tu hawataki kuisikia.