Liangalie geti kabla halijapakwa rangi

Mwenye nyumba wa Unguja au Pemba akitaka geti, grili za madirisha au ngazi ya chuma, swali la kwanza analomuuliza fundi ni bei, na la pili ni siku ya kumaliza. Sisi tunaofundisha uchomeleaji tungependa swali jingine litangulie: mshono, yaani pale vyuma viwili vinapounganishwa kwa moto, utauchomaje, na ukishauchoma utaukinga kwa kitu gani? Katika visiwa vyetu, umri wa geti unaamuliwa hapo.

Unguja hata pale ilipo pana zaidi haifiki kilomita 40, kwa hiyo hakuna nyumba iliyo mbali na bahari. Upepo hubeba chembe za maji ya chumvi, zikatua juu ya chuma, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa hata siku isiyokuwa na mvua. Paje, Jambiani na Makunduchi huupokea upepo wa kusi uso kwa uso kuanzia Juni mpaka Septemba. Kazi ambayo ingekaa miaka mingi Dodoma, huku huanza kutoa machozi mekundu kwenye viungo mapema sana.

Kutu huanzia kwenye viungo kwa sababu inayoeleweka. Chukua bomba lililopakwa zinki kiwandani, ambalo watu hulinunua kwa bei kubwa wakiamini halili kutu. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za selsiasi, na chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Fundi hawezi kuunganisha chuma bila ya kuichoma ile zinki. Ndiyo ule moshi mweupe unaouona. Kazi ikimalizika, bomba lina kinga kila mahali isipokuwa kwenye mshono, na mshono ndio unaobeba uzito wote. Fundi anayejua kazi yake huisaga zinki pembeni mwa kiungo kabla ya kuchoma. Akishachoma hulibandua kwa nyundo lile ganda jeusi linalobaki juu ya mshono, akasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'are, akapaka rangi yenye zinki pale palipoungua. Ganda likiachwa na rangi ikapakwa juu yake, siku litakapobanduka litaondoka na rangi, na chumvi itapata mlango.

Ndiyo maana nasisitiza: nenda karakana uitazame kazi ikiwa bado tupu, kabla ya rangi. Mshono mzuri una upana unaolingana, hauna vitundu vitundu kama mkate wa kumimina, na umezunguka kiungo chote, si nukta mbili tatu za kushikilia tu. Vitundu mara nyingi hutokana na vijiti vya kuchomea vilivyoingia unyevu, na wakati wa masika jambo hilo ni jepesi kutokea kama fundi haviweki mahali pakavu. Kuna pia wanaopaka bodi fila, ile lipu ya kuzibia mabonde ya magari, juu ya mshono mbovu, wakausugua ukawa laini kama kioo. Ukishapakwa rangi hutaujua. Fundi mwaminifu hatachukia ukija kutazama. Wengi hufurahi kumpata mteja anayethamini kazi.

Angalia na ncha za mabomba. Bomba lililoachwa wazi huingiza maji na kuoza kwa ndani, huku nje rangi ikiendelea kupendeza. Miguu ya geti nayo isisimikwe kwa zege la mchanga wa pwani au maji ya chumvi.

Unene wa bomba ndipo bei zinapopishana. Mafundi wawili wanaweza kukutajia bomba la ukubwa mmoja, mmoja akakusudia unene wa milimita 1 na mwengine milimita 2. Kwa macho huwezi kutofautisha, lakini kutu itamaliza la milimita 1 kwanza. Nendeni dukani pamoja, mupime, ulipe vifaa mwenyewe na uchukue risiti. Hapo hutahitaji kumpa fundi fedha nyingi za mwanzo, na yeye hatashawishika kuzitumia kumalizia kazi ya mteja mwengine.

Katika kumchagua fundi, cheti cha mafunzo ya amali kina maana, nami nawahimiza vijana wakitafute. Lakini wapo mafundi hodari waliojifunza kwa kukaa chini ya mkubwa wao karakana, na hawana karatasi hata moja. Kwa wote kipimo ni kimoja: akuoneshe geti alilolitengeneza miaka mitatu au zaidi iliyopita, mtaa ulio karibu na bahari. Fundi wa shehia yako ana faida hapa, kwa sababu kazi zake unazipita kila siku na nyumbani kwake unakujua.

Mtazame pia anavyofanya kazi. Moshi wa zinki huleta homa, baridi na kiu saa chache baadaye. Maziwa ambayo mafundi wengi huyanywa huenda tumboni, na moshi umeshaingia mapafuni. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa uchomeleaji miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Achome mahali penye hewa, avae kinyago cha kuchomea chenye kioo cheusi. Miwani ya jua haitoshi. Akichomea uwani kwako, watoto wasisogee kutazama ule mwanga, maana maumivu ya macho huja usiku. Asiunge mashine kwa nyaya za kuchomeka kwenye mita. Na tangi la mafuta la pikipiki au pipa lililowahi kutiwa petroli, hata likiwa tupu, asilichome kabisa: mvuke unaobaki ndani unaweza kuripuka.

Kwa grili za madirisha nina ombi moja kwa kila familia. Katika kila chumba cha kulala, dirisha moja liwe na grili ya bawaba inayofunguka kwa ndani, na kila aliyemo ajue ufunguo ulipo. Moto ukizuka mlangoni, grili iliyochomelewa moja kwa moja inawafungia watu ndani.

Makubaliano yaandikwe, hata kwa karatasi moja: ukubwa na unene wa bomba, mikono mingapi ya rangi, nani analipia usafiri na ufungaji, siku ya kukabidhi. Malipo yagawanywe, na sehemu moja ibaki mpaka geti lifungwe na lifunguke vizuri. Na kwa wenye nyumba za Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, usimwite fundi kubadilisha dirisha au mlango wa nje kabla ya kupata ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Peleka mchoro wa kazi unayoitaka kwanza, chuma ununue baadaye.