Kigari cha mtoto cha tairi tatu: anza na gurudumu la mbele

Wiki iliyopita mama mmoja kijana alisimama mbele ya kibanda changu na kigari cha mtoto cha magurudumu matatu, alichokinunua soko la Memorial asubuhi hiyohiyo. Kitambaa safi, kivuli kizima, rangi ya bluu ya kupendeza.

"Shikamoo fundi. Naomba unijazie upepo tu."

Nikaitikia, nikachukua pampu. Kabla ya kuichomeka nililishika gurudumu la mbele nikalitikisa kushoto na kulia. Lilicheza. Fremu ilikuwa imetulia, lakini tairi lilikwenda upana wa kidole gumba kila upande. Nikamwambia, "Dada, upepo nitakujazia, ila mtoto usimweke humu leo."

Natengeneza baiskeli hapa Moshi, na siku hizi vigari vya watoto vinaniletea kazi nyingi. Vingi vinakuja na mitumba, havina kijitabu cha maelekezo, na mnunuzi anachagua kwa macho: anaangalia kitambaa, anaangalia rangi. Mimi nakuomba uanzie chini. Kitambaa kinafuliwa, na kikichanika fundi cherehani yupo. Gurudumu la mbele likikosea, anayeumia ni mtoto.

Watu huniuliza kati ya tairi tatu na tairi nne kipi bora. Nami humuuliza anayeuliza atakuwa anamsukuma mtoto wapi. Anayeishi barabara ya lami, akitoka anaingia dukani na kurudi, kigari chepesi cha magurudumu manne kinamtosha, na kinakunjika kidogo zaidi. Ila kama njia yako ni ya changarawe, ina mashimo na mizizi ya miti, kama njia nyingi za huku kwetu ukishaiacha lami, hapo tairi tatu zinaanza kuonyesha kazi yake.

Sababu utaiona jikoni. Mafiga ni matatu, na sufuria haichezi hata kama sakafu ni ya udongo usio sawa, kwa kuwa vitu vitatu hugusa chini vyote kila wakati. Chukua meza ya miguu minne uiweke kwenye sakafu hiyohiyo, mguu mmoja utaning'inia. Kigari cha magurudumu manne kwenye njia mbovu kinafanya hivyohivyo, kila hatua gurudumu moja linapoteza ardhi na fremu inajipinda. Tena, gurudumu moja la mbele lina shimo moja tu la kukwepa, na likiwa kubwa linapanda juu ya jiwe ambalo kigurudumu kidogo kingekwama nalo.

Lakini umbo hilohilo lina udhaifu wake, na aliyewahi kupanda bajaji inayokata kona kwa kasi anaujua. Upande wa mbele ni mwembamba. Ukikata kona ghafla huku unafunga breki, uzito unakwenda mbele na pembeni kwa pamoja, mahali ambapo hakuna gurudumu la kuupokea. Dukani fanya hivi: simama ubavuni mwa kigari, weka kiganja kwenye ukingo wa kiti karibu na mbele, sukuma kidogo kwenda pembeni. Kisha fanya hivyo nyuma. Utasikia mkononi tofauti ilivyo kubwa. Ndiyo maana napendelea vigari ambavyo kiti kimekaa chini, karibu na ekseli ya nyuma, na magurudumu ya nyuma yametanuka. Pima tu kwanza upana wa mlango wako. Vigari vingi vya aina hii vina sentimita 60 na ushee kwa upana, na nimeona mtu ananunua halafu hakiingii ndani.

Sasa gurudumu la mbele lenyewe. Kuna lililofungwa moja kwa moja, linaangalia mbele tu. Hilo ni la wakimbiaji. Vigari vya namna hii vilianzia huko: mwaka 1984, katika mji wa Yakima, jimbo la Washington nchini Marekani, mwanahabari mmoja aliyependa kukimbia, Phil Baechler, alianza kuuza kigari chenye magurudumu ya baiskeli ili akimbie na mwanawe. Kwenye njia iliyonyooka kinateleza vizuri sana. Sokoni kinakuchosha, kwa sababu kila kona lazima ubonyeze mkono wa kusukumia, uinue pua, ugeuze.

Aina ya pili gurudumu linageuka lenyewe kufuata unakokwenda, na lina pini ya kulifunga linyooke. Kwa mzazi wa kawaida naishauri hii. Litembee huru dukani na nyumbani. Lifunge kwenye changarawe, kwenye mteremko, na kila unapoongeza mwendo. Gurudumu linalogeuka likifika kasi fulani huanza kutetemeka kushoto na kulia, na likishaanza linazidi lenyewe. Beringi na bolti ya shingo, pale gurudumu linapogeukia, zikiwa zimelegea, mtetemo huo unaanza hata kwa mwendo wa kutembea. Ndicho nilichokuta kwenye kigari cha bluu.

Angalia pia namna gurudumu lilivyoshikiliwa. Vigari vingi vina ekseli ya kufunga kwa wenzo, yaani kijiti cha chuma cha kulaza kwa mkono, bila spana, ili ulichomoe gurudumu ukiingiza kigari kwenye buti ya gari. Wenzo huo haukazwi kwa kuuzungusha kama nati. Unazungusha nati ya upande wa pili hadi wenzo uanze kugoma ukiwa umesimama katikati, kisha unaulaza kwa kiganja kwa nguvu. Ukifungwa sawasawa unaacha alama kwenye kiganja. Si jambo dogo hili. Mwezi Februari 2018, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilimshtaki mtengenezaji mmoja kwa sababu magurudumu ya mbele yalikuwa yanachomoka wakati watu wanasukuma watoto. Vigari vilivyohusika vilikaribia 500,000, na watoto na watu wazima waliumia. Kesi iliishia kwenye makubaliano Novemba mwaka huohuo, na sehemu ya makubaliano ilikuwa video ya kuwafundisha watu jinsi ya kufunga wenzo ule.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, inua pua ya kigari, ushike gurudumu kwa mikono miwili na ulivute kama unataka kuling'oa. Liking'oka, ni afadhali ling'oke hapo sokoni.

Matairi yapo ya upepo na yapo ya mpira mzito au povu, yasiyojazwa. Ya povu hayapati pancha, na kwa anayetembea lami tu yanafaa. Kwenye changarawe yanamrusharusha mtoto. Ya upepo yananyonya mitikisiko, hata shokapu hazihitajiki sana, lakini huku kuna mbigili na miiba ya michongoma, na kuziba pancha kutakuwa sehemu ya maisha yako. Usiogope. Soma ubavuni mwa tairi: ukikuta 12½ × 2¼, au namba 62-203, hiyo ni saizi ya baiskeli ndogo ya mtoto ya inchi 12, na tyubu zake zinapatikana kwa mafundi. Ukikuta saizi ya ajabu usiyoiona kwenye baiskeli yoyote, fikiri mara mbili, maana tyubu ikifa kigari kimekufa. Vali angalia pia. Nyingi ni za aina ya gari na pikipiki, si ile ya baiskeli zetu za kawaida, na baadhi zimepindwa kwa sababu katikati ya rimu hakuna nafasi ya kuingiza kichwa cha pampu. Ukibadilisha, nunua iliyopinda vilevile.

Na tafadhali, usijaze kwenye kompresa ya kituo cha mafuta. Kipimo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, kwa kawaida kati ya psi 20 na 35, na tyubu ile ni ndogo mno. Kompresa inaifikisha huko kabla hujahesabu tatu, na inayofuata ni mlipuko au rimu ya plastiki kupasuka. Pampu ya mkono inatosha.

Umri wa mtoto ndio unaoamua mengine. Mtoto mchanga hawezi kushika shingo, kwa hiyo kiti lazima kilale kabisa, au kigari kiwe na kikapu chake cha kulalia. Vigari vingi vya tairi tatu vinalala nusu tu, na hivyo ni vya mtoto anayekaa mwenyewe, karibu miezi 6 na kuendelea. Kukimbia naye subiri zaidi. Watengenezaji wengine wanasema miezi 6, wengine 8 au zaidi, na mimi namwambia mzazi amuulize kwanza daktari au nesi wa kliniki anayemjua mtoto. Mtoto wa miezi 3 mbebe kwa mbeleko. Njia mbovu haimsumbui akiwa mgongoni kwako.

Mikanda iwe na ncha tano: mabegani mbili, kiunoni mbili, moja katikati ya miguu. Mkanda wa mabega utokee usawa wa mabega ya mtoto, na kidole kipite chini yake kwa shida. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anasimama kitini bila kukuaga, na kigari cha tairi tatu hakimvumilii anayeegemea pembeni.

Breki ya kuegesha ishike magurudumu yote mawili ya nyuma. Ijaribu kwenye mteremko, na kuwe na kamba ya kuvaa mkononi. Mizigo iende kwenye kikapu cha chini. Mfuko wa viazi ukiutundika kwenye mkono wa kusukumia, siku utakayomtoa mtoto kigari kinaanguka chali; ikiwa mtoto mwepesi bado yumo, kinaanguka naye.

Fungua na ukunje kigari mara tatu mbele ya muuzaji. Kiwe na makomeo mawili, moja likiachia la pili lishikilie. Pitisha kidole taratibu kwenye maungio ya fremu kutafuta nyufa. Mwaka 2009 huko Marekani vigari takribani milioni 1 viliitwa virekebishwe kwa sababu bawaba zilikuwa zimekata ncha za vidole vya watoto wakati wa kufungua. Mtoto akae mbali na mikono yako kila unapokikunjua. Chini ya fremu tafuta maandishi: EN 1888 ni kiwango cha Ulaya, ASTM F833 ni cha Marekani. Kile cha Ulaya sehemu ya kwanza inahusu mtoto wa hadi kilo 15, sehemu ya pili hadi kilo 22. Kibandiko kikiwa kimebanduliwa, mimi sizidishi kilo 15.

Jambo la jua lazima niliseme, kwa sababu naliona kila siku barabarani. Kanga ikifunikwa juu ya kigari kizima inazuia hewa, na ndani joto linapanda haraka. Shusha kivuli, geuza kigari, au tembea asubuhi.

Jaribio langu la mwisho ni la mfuko wa unga. Naweka kilo 10 kitini, nafunga mikanda juu yake, nafunga gurudumu la mbele linyooke, nasukuma kwenye sakafu tambarare na kukiachia hatua chache huku natembea pembeni yake. Kikinyooka, vizuri. Kikivuta upande mmoja, gurudumu halijakaa sawa kwenye uma, ile mikono miwili inayolishika, na mara nyingi ni suala la kulilegeza, kulikalisha na kulikaza upya. Likiendelea kuvuta baada ya hapo, uma umepinda, na uma wa alumini uliopinda sijaribu kuunyoosha.

Cha yule dada uma ulikuwa mzima. Beringi mbili za shingo zilikuwa zimeliwa, moja imejaa kutu na mchanga. Nilipata za saizi hiyo kwenye mabaki ya gurudumu la baiskeli, nikaziosha kwa mafuta ya taa, nikatia grisi, nikafunga na nati mpya ya kujifunga. Alirudi saa kumi jioni na mtoto mgongoni. Tukaweka unga, tukasukuma mpaka ukutani, kikaenda moja kwa moja. Kisha nikampa wenzo wa gurudumu aufunge mwenyewe mara tatu, na mara ya tatu alinionyesha kiganja chake kikiwa na alama.